Chumvi ya Kilimia

Jumatano, joto. Mawingu yapo, ya kudanganya tu.

Daftari langu, pokea hili bila kubisha: hapa Mlali mpaka kwenye trekta za karanga za Wazungu kule Kongwa, hakuna kijana mwenye akili kunizidi. Shule niliiachia darasa la nne. Mwalimu alikuwa ameishiwa vya kunifundisha.

Ila Yohana amerudi likizo.

Yuko darasa la kumi mjini Dodoma. Kaptula yake imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Nimemkagua kutwa nikitafuta kasoro. Miguu myembamba, hiyo nimeipata.

Jua lilipozama Kilimia kilichomoza, zile nyota zilizosongamana, wazee wakaanza maneno ya kupanda uwele. Sisi tulikuwa uani kwa kina Mbeleje, msichana ambaye tangu kiangazi natafuta namna ya kumwambia nampenda. Alikuwa anachemsha chai kwa stovu ya baba yake. Yohana akanyunyiza chumvi kidogo motoni. Moto wa buluu ukageuka manjano.

Akasema hivyo ndivyo wataalamu wanavyojua nyota zina nini ndani: wanapitisha mwanga wake kwenye kioo, wanasoma rangi. Nyota za kundi moja ni ndugu, zimetoka wingu moja la gesi huko angani. Lakini katika makundi mengine zipo zenye mchanganyiko wa ajabu, ambao ndugu zao hawana.

Mbeleje akaacha chai ikafurika. Kwa ajili yangu hajawahi kuacha hata maji yafurike.

Kisha akanigeukia mimi. Mimi, si Yohana.

"Haya, kaka mjuaji. Ndugu wa wingu moja, mbona chumvi mbalimbali?"

Nikajibu hapo hapo: "Hizo zimepita juu ya Bahi, zikalamba chumvi ya kule. Babu yangu aliziona zikishuka."

Hakucheka. "Na wewe, msomi?"

"Sijui," Yohana akasema. "Mwalimu wangu anadhani nyota kuukuu zilikufa zikaacha majivu, changa zikazaliwa humo. Lakini hata yeye hana hakika."

Mbeleje akasogeza kigoda chake kwa Yohana. Wakakaa wanatazama juu, wanakisia pamoja. Mimi nikafuta chai.

Nimeshinda nikijiambia namwonea wivu kwa ajili ya kaptula, na mji, na darasa la kumi.

Si kweli. Mbeleje aliniuliza mimi kwanza. Nilikuwa sijui, nikashindwa kusema hivyo.