Mjusi Aliyeshindwa Hupoteza Rangi

Mama Gertrude, mshauri wetu mpendwa, nakusalimu kwa heshima na naomba unisaidie upesi, maana Jumapili ijayo lori linakuja kutuchukua na mimi bado sijui nitapanda nimevaa nini.

Mimi ni mshonaji hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, nilizaliwa Bukavu, nikakimbia vita vya kwanza mwaka wa tisini na sita, na ninaimba katika kwaya yetu ya Kiswahili, na wewe unatujua sisi watu wa Bukavu, hata aliyelala na njaa huenda misani amepiga pasi, ndivyo tulivyolelewa. Sasa kwaya yetu haikuwa na sare, kila mama alivaa kikwembe alichovuka nacho mipaka, huyu maua, huyu samaki, huyu feni, tukisimama pamoja tunaonekana kama soko, nami nikasema hapana, nikatoa vikwembe viwili vya buluu vya marehemu mama yangu, aliyetufia njiani, alikuwa ameniwekea kwa ajili ya harusi yangu, nikavikata, nikaweka buluu ile kwenye mabega ya karibu kila gauni, mabega makubwa yanayosimama, na gauni yangu, kwa kuwa kitambaa kilikuwa changu, nikaishonea mkia wa buluu unaoburuta nyuma. Siku tulipoingia nazo kanisani watu waligeuza shingo hadi padri akangoja. Sikufichi Mama, nilijivuna, na tangu tukimbie sikuwa nimejivuna hata mara moja.

Basi tumealikwa kuimba Lilongwe, upande wa Likuni, na watakuwepo wageni wanaolisaidia kanisa, na mwenyekiti wetu wa kwaya, Mzee Émile, mtu mzima ninayemheshimu, akasimama kwenye mazoezi akasema, "Bamama, ile siku muache zile magauni ku nyumba. Muvae bya kupasuka-pasuka. Bageni bakiona munaangaza hivi, batasema hawa bantu habana shida, batarudi na blanketi zabo." Nikamwambia, "Mzee, mi siwezi kuimbia Mungu na nguo ya shamba." Akanitazama mbele ya wote, akasema, "Rosette, we njo dindo. Dindo anajivimbisha, anafungua mkia, na siku ya Noeli njo yeye wa kwanza kuingia mu sufuria." Watu wakacheka mimi kuitwa bata mzinga, hata wale niliowashonea walicheka, na akamaliza kwa kusema atakayekuja na gauni ile hatapanda lori.

Nikifika nyumbani mume wangu Alexis ananiambia, "Vaa tu ile ya kupasuka, siku moja itapita," na mimi naona haitapita, naona nikivaa matambara ili nionewe huruma sitaweza kuigusa tena buluu ya mama yangu, lakini pia naogopa, labda kweli ni kiburi, labda watoto wa watu watakosa blanketi kwa sababu ya mabega yangu. Wako pia wanawake watatu, Nahayo na wenzake waliofika mwaka jana kutoka Uvira vita vilipoanza tena, hao hawakupata buluu, nimewapanga nyuma, lakini si hilo linaloniumiza. Ninachouliza ni hiki, nivae ile gauni nibaki Dzaleka, au nivae matambara nipande lori?

Ni mimi Rosette, Dzaleka.

MAMA GERTRUDE ANAJIBU

Rosette binti yangu, pole, na usilie juu ya kitambaa, kitapata madoa.

Kwanza tumalizane na dindo. Mzee Émile amekosea hesabu ya sufuria. Dindo haliwi kwa sababu ya mkia, analiwa kwa sababu ya nyama. Kuku wa kawaida, mnyenyekevu, asiyejivimbisha, aliponea Noeli gani? Mimi ni mtoto wa mkulima wa Fizi, nimechinja wote wawili, na hakuna aliyeniomba huruma kwa mavazi yake nikamwacha.

Sasa nikuonyeshe viumbe wengine. Mvua zikianza, nenda kwenye bonde lenye majani marefu karibu na kambi yenu. Utamwona ndege mdogo mweusi mwenye mkia mrefu kupita mwili wake. Kiangazi humtambui, ana rangi ya udongo kama jike lake. Mvua zinapokuja anaota mkia ule, na ule mkia ni mzigo, upepo unamvuta nyuma, anaruka kwa taabu juu ya majani, na kila mwenye macho anamwona, rafiki na adui. Kwa nini anajitesa? Kwa sababu wanaomtazama wanaelewa. Mkia ule hausemi "sina shida". Unasema "shida ninayo, na bado naruka". Gauni zenu zinasema hivyohivyo. Mtu anayemwona mwanamke aliyetoka vitani akasimama amenyooka, mabega ya buluu, akaimba, na akasema huyu hana shida, huyo ana macho ya kuazima.

Na yule mjusi mkubwa wa mawe unamjua, mwenye kichwa cha buluu, anayetikisa kichwa juu ya jiwe lake kama chifu anayepokea salamu. Dume mwenzake akimpiga, rangi inamtoka. Anapauka, anafanana na vumbi, anashuka jiweni. Rosette, vita vimekupiga, vimekuchukulia mama, na wewe hukupauka. Leo upauke kwa ajili ya blanketi?

Mzee wako usimchukie. Ameona watoto wakilala baridi, na hofu humfanya mtu mzima aseme ya kitoto. Lakini amesahau yuko nchi gani. Amayi, yaani akina mama wa Kimalawi, wakienda kanisani huvaa sare zao, zimefuliwa, zimepigwa pasi, kitambaa kichwani kimefungwa sawasawa. Kwao kuingia nyumba ya Mungu umevaa matambara makusudi si umaskini, ni dharau. Mkifika hivyo Likuni, wenyeji wataona aibu kwa niaba yenu.

Nimekusifu vya kutosha, sasa kaa chini. Umeniandikia mistari mingi juu ya dindo na nusu mstari juu ya Nahayo. "Nimewapanga nyuma," unasema, "si hilo linaloniumiza." Mimi limeniuma. Wewe unaburuta buluu chini huku wanawake watatu waliokimbia moto uleule wakisimama nyuma wasionekane. Hapo ndipo kiburi chako kilipo, si mabegani. Kamtazame ndege kanga akipita na kundi lake. Wa mbele ana madoa, wa mwisho ana madoa. Na yule ndege wa bondeni, mvua zikikatika, mkia wake anautupa na hafi.

Kwa hiyo leo, si kesho, chukua mkasi ukate mkia wa gauni yako. Utapata mabega ya watu watatu, mimi nimewahi kushona, najua. Mama yako alikiweka kitambaa hicho kwa ajili ya harusi, hatakasirika ukiwafunika wenzako. Nahayo asimame mstari wa mbele, karibu na wewe.

Kisha nendeni kwa Mzee Émile kwa pamoja, mkiwa na mama mzee kuliko wote wa kwaya. Msalimuni vizuri, mketi, na yeye mama mzee ndiye aseme, wewe nyamaza, maana mdomo wako naujua kwa barua yako. Aseme: "Mzee, tutapanda wote na magauni yetu, ao lori iende na viti bila sauti." Hatawaacha, Likuni inangoja nyimbo. Na shida zenu msizifiche. Blanketi zinahitajika, basi baada ya misa mzee azungumze na wageni waziwazi, kwa maneno, kama mtu anavyozungumza na mtu.

Mimi nitakuja Likuni siku hiyo, nitakaa benchi la mbele. Mgeni akiuliza nani ameshona gauni hizi, usitazame chini wala usimsukume Mzee Émile akujibie. Mwambie, "Ni mi nilishona, baba. Ukitaka ya madame wako, leta kitambaa."