Morris na Land Rover Topeni

Mume wangu Masanja,

Marahaba, mjukuu wangu. Huku hatujambo, mama yako anavuna pamba. Umeuliza, kati ya Morris na Land Rover za enzi zetu, ipi ilikuwa bora.

Masika moja uchungu ulinishika, babu yako akanipakia kwenye Morris kwenda hospitali Shinyanga. Njiani akasimama kuwasalimia wakulima: "Mwangaluka!" Nikamfokea, "Mimi nazaa, wewe unasalimia watu?"

Mbele kidogo tukakwama topeni, nyuma ya Land Rover iliyozama. Nikajua mtoto wangu amekwisha. Wale wakulima wakaja mbio, wakainyanyua Morris nami nikiwa ndani. Land Rover, pamoja na nguvu zake zote, iliwashinda uzito.

Mtoto huyo ndiye mama yako. Nunua gari lolote, Masanja. Ila nasikia hata katika hilo ulilo nalo sasa unawapita watu vioo umepandisha, na moyo wangu hautulii.

Bibi yako, Songwa