Atakayekunywa Baada ya Minza

Bariadi, Jumapili jioni, mwishoni mwa Agosti. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia hadi kwenye kabati la vyombo. Nimeoga mara mbili, na bado nina kitu kikavu mdomoni. Labda ni maneno niliyoyatafuna mchana kutwa bila kuyameza.

Shajara hii ya mtandaoni nimezoea kuiandika kana kwamba hakuna anayeisoma. Leo sitajidanganya. Kila ninapoandika jambo la kanisa, salamu zenu za Jumatatu hubadilika. Basi niwatambue kama ipasavyo. Baba Mchungaji, unayesoma kupitia simu ya mama mchungaji: nakusalimu kwa heshima zote. Wazee wenzangu wa baraza. Mama Eliya na viongozi wa kikundi cha maombi. Wanakwaya na mwalimu wenu wa nyimbo. Vijana mnaosambaza maandishi yangu kwenye makundi kabla sijamaliza kuyasahihisha. Na wewe mgeni usiyetufahamu, karibu, keti, utaelewa. Itifaki imezingatiwa.

Sina furaha. Mnisamehe kwa kuanza hivyo.

Mapema mwezi huu tulikuwa na ibada ya mavuno. Watu walileta choroko, mtama, michembe ya viazi vilivyokaushwa, kuku waliofungwa miguu. Mzee mmoja alimburuta beberu hadi karibu na madhabahu. Nyuma ya kanisa kina mama walikuwa wanapika chakula cha wote. Mmoja wao alikuwa Minza, fundi cherehani, anayeimba sauti ya pili katika kwaya yetu kwa namna inayomfanya mtu asahau kuangalia saa.

Minza ana kifafa. Sote tulijua, ingawa tulizoea kusema kwamba ana lile tatizo lake. Kwa miaka mingi alimeza vidonge vyake kila siku, na wengi wetu hatukuwahi kumwona akianguka.

Kisha ikaja wiki ya kufunga na kuomba, kabla tu ya mavuno. Katika wiki hiyo aliambiwa kwamba kumeza dawa kila siku ni kuishi kwa hofu, na kwamba aliyekombolewa haishi kwa hofu. Mama Eliya alimshika mabega, akamwuliza mbele ya watu, "Minza mwanangu, unamwamini Bwana au unaiamini chupa?"

Minza aliacha dawa. Aliacha kwa imani, akiwa na furaha, na wakamshangilia kwa vigelegele. Siku ya mavuno, akiwa anachochea moto, alianguka. Mkono wake wa kushoto ukaingia kwenye makaa.

Wote wakakimbia.

Nilikuwa ndani, mnada wa mazao ukiendelea, niliposikia kelele. Nilipofika mlango wa nyuma nilikutana na mafuriko ya vitenge yakija upande wangu. Mama Eliya alikuwa mbele, kiatu kimoja mguuni, akipaza sauti, "Msimguse! Anatoa povu! Msimguse!" Wengine walikuwa wamejibanza ukutani, wameziba pua kwa khanga.

Aliyemtoa motoni ni Mzee Idrisa, mwenye duka la ng'ambo ya barabara, aliyekuwa ameleta kreti za soda. Aliweka kreti chini, akamshika Minza kwapani, akamvuta, akamlaza ubavu, akavua koti na kumwekea chini ya kichwa. Kisha akatugeukia sisi wa ukutani.

"Enyi watu wa Mungu," akasema, "kuimba mnajua, na mbio pia mnajua. Haya, mmoja wenu alete maji. Au nayo yana povu?"

Nilileta maji.

Nawaomba msome tena mpangilio wa mambo haya, maana ndio unaoninyima usingizi. Tulimwambia kwamba dawa yake ni hofu. Akaiacha kwa ujasiri. Alipoanguka kwa sababu ya ujasiri ule tuliomfundisha, sisi walimu wake wa ujasiri tukatimua mbio. Wali na nyama ya sherehe vikamwagwa shimoni kwa kuogopa povu, masufuria mazima, katika mwaka ambao mvua ilitukatia njiani. Mwiko alioushika ukachomwa moto.

Nilimtembelea wodini. Mkono wake ulikuwa umefungwa kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Hakuniuliza nani alikimbia. Aliniuliza, "Mwalimu, watu walikula?"

Nikamwambia walikula. Huo ni uongo ambao sijautubu, na sidhani kama nitautubu.

Leo, baada ya ibada, baraza la wazee lilikutana. Jumapili ijayo ni Meza ya Bwana, na Minza, ambaye ameruhusiwa kutoka hospitali na amerudi kwenye vidonge vyake, ametuma ujumbe kwamba atakuja. Kwa asiyetufahamu: katika usharika wetu tunakunywa kikombe kimoja. Tunapanga mstari, na kila mmoja anakunywa pale alipoweka mdomo mwenzake. Tumekuwa tukijivunia jambo hilo. Wahubiri wageni wametusifia kwalo.

Ajenda ilikuwa moja tu: Minza anywe vipi.

Nimeongoza shule kwa muda mrefu na nimekaa vikao vingi, lakini sijawahi kusikia hofu ikizungumza kwa adabu kama leo. Mzee wa kwanza alisema, "Mimi binafsi sina shida na dada yetu, ila wapo waumini watakaokwazika." Wa pili akasema yeye pia binafsi hana shida, ila tufikirie wageni. Wa tatu alikuwa na wasiwasi na usalama wa Minza mwenyewe, asije akaangukia madhabahuni. Mmoja akapendekeza aje na kikombe chake kutoka nyumbani.

"Kiwe na mfuniko," akaongeza jirani yake.

Mfuniko!

Nikasimama. Nikasema, "Waheshimiwa, nimewasikia hao waumini watakaokwazika wakitajwa toka tuketi. Naomba jina la mmoja tu, niende nyumbani kwake leo leo nikazungumze naye."

Mabati yalilia kwa upepo. Mchungaji akapanga upya karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Ndipo Mzee Masunga, mkubwa kwetu sote kwa umri, mtu ambaye vikao vyote husinzia, akainua fimbo yake kidogo. "Mayu," akaniita, kama wanavyoita mama kwa Kisukuma, "andika mimi. Mimi naogopa."

Akaeleza bila kuinua macho. Dada yake alikuwa na ugonjwa huo huo. Walikuwa wakichunga pamoja. Siku moja akaangukia kwenye lambo, mahali ambapo maji hayakuzidi magoti. Yeye alikuwa karibu naye, fimbo ya kuchungia mkononi. Alikuwa amefundishwa nyumbani kwamba ukimgusa akitoa povu, ugonjwa unahamia kwako. Basi akasimama pale pale.

"Nilimwangalia," akasema. "Hadi maji yakatulia."

Niseme wazi, katika mwezi huu mzima huyo ndiye mtu pekee ambaye ningeweza kupiga naye magoti na kuomba juu ya hofu. Wengine wote hofu yao ni ya mtu mwingine. Huwezi kumwombea mtu aondolewe mzigo ambao anadai umebebwa na jirani.

Mama Eliya, aliyealikwa kwa niaba ya kikundi chake, akaona kikao kinalainika. Akasimama akatukumbusha yule kijana wa katika Injili, aliyekuwa akiangushwa motoni na majini. "Lile lilikuwa pepo, na pepo hachezewi. Mwalimu, wewe ni msomi, lakini mambo ya rohoni hayasomewi chuoni."

"Tuseme ni pepo, mama," nikamjibu, "ingawa madaktari wanasema ni maradhi ya ubongo na hayaambukizi. Tuseme hivyo kwa ajili ya mjadala. Bwana alimfanyaje kijana yule? Alimshika mkono akamwinua. Umesoma mahali popote kwamba alikimbilia ukutani?"

Mchungaji akakohoa. Akasema tuchunge ndimi zetu.

Ndugu zangu, sisemi kwamba hofu ni dhambi. Hilo ndilo kosa lililomchoma Minza. Hofu ya povu hatukuizua sisi. Mimi nilizaliwa kijijini Lingeka, na bibi yangu aliwahi kunivuta mkono hadi ukateguka ili nisimkaribie jirani aliyeanguka. Alinivuta kwa sababu alinipenda. Hofu nyingi tulizonazo tulipewa na watu waliotupenda, ndiyo maana ni vigumu kuzirudisha. Mtu anahisi anamtukana bibi.

Wala Bwana wetu hakukosa hofu. Usiku wa kukamatwa kwake alihangaika hadi jasho likamtoka, akaomba kikombe kile kimwondokee. Hakuwaambia wanafunzi kwamba yeye binafsi hana shida. Alisema mbele za Baba yake kwamba hakitaki, akasema tena, akasema tena. Kisha akakinywa.

Sijui njia nyingine ya kuishinda hofu zaidi ya hiyo. Mtu aitaje kwa jina lake, akiri kuwa ni yake, halafu atende lile ambalo upendo unamtaka atende, magoti yakiendelea kutetemeka. Hatukuahidiwa magoti ya chuma.

Lakini ile hofu inayovaa suti na kuja kikaoni ikiitwa hekima, ikapewa kiti, ikapewa muda wa kuchangia, hiyo haiponi. Nani atatibu kitu ambacho mwenyewe anakiita utaratibu?

Kura ikapigwa. Suala la kikombe chenye mfuniko lilionekana ni aibu, likaachwa. Badala yake tukaambiwa kuna njia ya katikati, yenye upendo: Minza atakunywa kikombe kile kile cha wote, ila atakunywa baada ya wote. Mikono ikapanda. Mchungaji, ambaye mwaka huu alihubiri mara kadhaa juu ya Petro kutembea majini, akapandisha wa kwake taratibu, akiangalia dirishani.

Mzee Masunga naye akapandisha.

Wa kwangu tu ndio uliobaki mezani.

Nilipokuwa natoka getini, Mzee Masunga alikuwa amesimama akinisubiri, kofia mkononi, upepo ukimpeperushia vumbi usoni. "Mayu," akasema, "hivi ni kweli kabisa? Ugonjwa ule hauambukizi?"

"Hauambukizi, baba. Hata kidogo."

Akatikisa kichwa kwa muda. "Basi dada yangu..." akasema, akavaa kofia, akaondoka.

Sikumfuata.

Sasa niungame la kwangu, kwa kuwa nimewadai wengine waungame. Siogopi povu. Naogopa ninyi. Mimi ni mjane, watoto wangu wako mbali, na mkaao karibu nami ni ninyi hawa ninaowaandika. Ninyi ndio mtakaoleta turubai siku yangu, mtakaochimba, mtakaoimba. Huku kwetu mtu huogopa kutengwa kuliko kufa, maana anayekufa akiwa ametengwa hana wa kumwinua kitandani. Nilipobakiza mkono wangu mezani leo niliuona ukitetemeka, nikaulaza juu ya Biblia ili usionekane. Nilidhani nimeuficha. Mama Eliya aliuona, akatabasamu.

Naam, naogopa. Nimeandika kwa jina langu.

Tumwite Minza jasiri? Hapana. Nilimpigia simu jioni hii kumweleza azimio, kwa sababu nilijua hakuna mwingine atakayekuwa na uso wa kumweleza. Alisema, "Mwalimu, kama wataona ni bora nisije, nitakaa nyumbani. Sitaki niwaharibie." Sauti ile inayojaza kanisa ilikuwa nyembamba kama uzi. Hilo ndilo lililo hatarini, ndugu zangu. Hesabu ya mahudhurio mnayoihofia si kitu. Akikosa Jumapili ijayo hatarudi tena, na tutasema aliacha wokovu mwenyewe.

Nimemwambia aje. Nimemwambia nitampitia nyumbani asubuhi, twende pamoja.

Kwa hiyo, Baba Mchungaji, wazee wenzangu, kina mama, wanakwaya na vijana, sikilizeni tangazo langu. Sina mamlaka ya kulifuta azimio la baraza, wala sitalivuruga kwa fujo. Linasema Minza atakunywa baada ya wote. Basi mimi nimejitoa katika hao wote. Kikombe chetu ni kizito, hushikwa kwa mikono miwili, naye kwa sasa anao mmoja. Nitamshikia anywe. Akishakunywa, nitakunywa mimi, pale pale alipoweka mdomo wake, bila kufuta.

Kila mmoja wenu atalazimika kuamua asimame wapi, na uamuzi huo hautakuwa na mikono ya kupandisha wala dirisha la kuangalia. Mama Eliya, namaanisha hata wewe, na nakuambia bila kejeli. Baba Masunga, nawe pia. Anayeogopa asisubiri hofu imwishe. Aje nayo hivyo hivyo, mimi nitakuja na ya kwangu.

Mstari utakuwa ule ule. Nyuma yangu nafasi ipo.