Mtama wa Bibi Umefungiwa Huku

Uholanzi, Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Najua Kabula ndiye anayekusomea, kwa hiyo nawe mdogo wangu nakusalimu, na nakuomba usome polepole, usiruke mahali hata kama mama atalia. Magoti yanaendeleaje, Mama? Ile dawa ya kuchua ilifika? Mimi mwili hauna shida, baridi tu ndiyo inayonionea. Moyo ndio mbaya.

Barua yenu niliipata. Nimeelewa kwamba mvua za vuli zilikatika, mahindi yakaungua, na yule mnunuzi binafsi aliyekushawishi upande pamba kwenye shamba la mtama hakuonekana tena. Nimeelewa pia kwamba mliteremsha mashuke ya mbegu yaliyokuwa yakining'inia juu ya meko, mkayatwanga, mkala. Sikulaumu hata kidogo. Watoto wa Kabula wangekula nini? Mapanki, yale mabaki ya samaki anayoleta kutoka kiwandani pale Nyakato, hayashibishi bila ugali. Sasa umeniomba nikurudishie mbegu kidogo katika zile nilizokuja nazo, upande masika. Ngoja nikueleze ombi lako limefikia wapi.

Kazi yangu huku ni kuupa mmea kiu na kuangalia unavyojitetea. Tunapanda mitama ya nchi mbalimbali kwenye ndoo, ndani ya nyumba ya vioo. Ikishakua tunainyima maji, tunaipima kila asubuhi. Majani yana vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Mmea unapumulia humo, na maji yanapotelea humo humo. Mitama mingine ilichelewa kuvifunga, ikanyauka. Mtama wa bibi, ule niliokuja nao, ulivifunga mapema, ukakunja majani, ukatulia. Tulipoumwagilia tena ukainuka na kutoa mashuke. Mama, nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Profesa wangu alinikumbatia. Baadaye akaleta watu wa kampuni ya mbegu, wakaupiga picha, wakanipa mkono.

Nilipopata barua yenu nikaenda ofisini kwake.

"Naomba mbegu za kujaza kiganja," nikamwambia. "Nyumbani zimekwisha."

Akavua miwani. "Pole sana. Lakini siwezi. Tuna mkataba na kampuni, hazitoki humu bila idhini yao."

"Ni za mama yangu."

"Zilikuwa zake. Sasa ni za maabara."

Nikamweleza kwamba bibi alitoka nazo Kwimba alipoolewa, na kwamba wewe umezipanda kila mwaka tangu uolewe kwenye mji wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, si mtu wa makelele. Kisha akafungua pochi, akatoa noti, akaziweka mbele yangu.

"Mnunulie mama chakula."

"Hajaomba chakula," nikasema. "Ameomba mbegu yake."

Noti nikaziacha pale pale mezani. Kesho yake nikaambiwa nirudishe ufunguo wa chumba cha mbegu, eti ni utaratibu mpya. Nikaiandikia kampuni yenyewe. Wakanijibu kwa adabu kabisa kwamba watakapoanza kuuza, wakulima wa Tanzania watakaribishwa kununua.

Kununua, Mama!

Hata kwenye andiko langu la utafiti nilikuwa nimetaja jina lako, kwamba mbegu imetoka kwako Mkolani. Profesa amelikata, ameweka namba.

Nimewaza kufunga mizigo. Lakini nikirudi sasa nitarudi bila shahada na bila mbegu, na kule nyumbani, kwenye kituo cha utafiti kilichoniajiri, tunasikia wanapunguza wafanyakazi. Kwa hiyo bado naenda kazini. Mimi na profesa tunasalimiana, tunakunywa kahawa. Mashuke yakikauka anakuja mtu mwingine kuyavuna, mimi naambiwa nisubiri nje.

Sasa fanya hivi. Mwombe mjomba Shija avuke kwenda Ukerewe kwa shangazi Mbuke. Bibi alimpa binti yake mbegu ile alipoolewa huko. Sijui kama bado anapanda au naye amehamia mahindi, lakini sina pengine pa kukuelekeza. Aende kabla mvua hazijaanza.

Nisalimie mjomba mwenyewe hapo Ilemela, aliyenibebea sanduku hadi uwanja wa ndege akijisifu kwa kila mtu kwamba mpwa wake anakwenda kutafuta dawa ya ukame. Msimwambie yote. Nisalimie mama mkubwa na majirani wanaokuchotea maji. Watoto wa Kabula waambie mjomba wao anawakumbuka.

Na shangazi akiwa nayo, hata shuke moja, panda, na nyingine ficha. Akija mtu na karatasi na maneno matamu, akisema anaomba kidogo tu kwa ajili ya utafiti, mnyime, Mama. Hata akiwa ni mimi.

Mwanao,
Masanja