Programu Niliyotuma Isinya

Naisenya uko?

Unajua ile programu mpya ya maabara nimekuwa nikiandaa? Leo saa nne asubuhi nimeituma kwa komputa zote za hospitali yetu, Kitengela na tawi la Isinya, mara moja. Nilikuwa nimeijaribu kwa zile mpya pekee. Zile za zamani za Isinya sikuzijaribu hata moja. Hata moja!

Dakika kumi hazijaisha, simu. Ni Soipan, nesi wa wodi ya akina mama huko Isinya. "Kavata, skrini zote zimekuwa nyeusi! Niko na mama amejifungua saa hii, anavuja damu, na group yake ya damu iko kwa komputa!"

Group yake iko kwa komputa.

Nikaanza kurudisha programu ya zamani, lakini hizo mashine zinawaka polepole, aki. Kumbe Mulinge wa maabara ya huko huandika kila kitu kwa kitabu, na vile tumemcheka! Akakimbia nacho wodini, wakapima tena kuhakikisha, mama akawekewa damu.

Bosi akauliza mbele ya wote, "Nani alituma hii kitu bila kujaribu?"

Nikasema ni mimi.

Sasa hivi nimepigia Soipan kuomba msamaha. Akasema tu, "Ngoja," akasogeza simu kitandani. Nikasikia yule mama akiuliza kwa sauti ndogo, "Mtoto wangu amenyonya?"