Neno Linaliwa, Halipigiwi Kura

Mpendwa Senge, dada wa baba yangu,

"Hawa akina mama wa Matulo wanaipigia Biblia kura, na hiyo ni ramli." Ndivyo alivyosema yule mhubiri wa Kitale, akiwa mgeni kanisani kwenu. Baada ya ibada wazee walikusimamisha mbele yao, wakakukataza kuongoza maombi ya akina mama. Sasa uko Sirisia kwa binti yako, na Jumapili hutoki nyumbani.

Namjibu mhubiri hadharani, kwa barua hii ya wazi: ulisema kula. Alipokuuliza mnafanya nini jikoni kwako, ulimwambia, "Neno ra Mungu tunarikura." Ndivyo tunavyotamka Bungoma, r na l zinaazimana bila kuulizana. Yeye akasikia kura. Mtu aliyesoma kama yeye angeuliza swali la pili kabla ya kupanda madhabahuni.

Nalikumbuka jiko lile. Mlikuwa mkipukuchua mahindi huku mmoja akisoma aya chache, polepole, halafu akizirudia. Kisha kimya, punje tu zikianguka kwenye beseni. Aliyeshikwa na neno alibaki nalo, akalitafuna kama muwa, akamwambia Mungu lilipomgusa, kisha akanyamaza amsikilize. Basi. Hakuna aliyetabiri kitu.

Siku mliyosoma habari za mwanamke aliyeligusa vazi la Yesu, wewe ulishikwa na neno "pindo". Jioni ulikuwa unachuma sukuma wiki kwa mkono mmoja, wa pili umeshika pindo la leso yako. Jirani akakutania, "Mama, si ununue mshipi? Hiyo itaanguka tuone mambo!"

"Wacha nishike, bana," ukacheka. "Huku ndiko kusari."

Hata mimi hukuniacha salama. "Wewe unasoma kama mtu anatafuta fimbo. Reo unataka kumchapa nani?"

Senge, juzi nilimwendea mmoja wa wazee wale, nikamuuliza kama kweli hawakukuelewa.

"Turierewa," alisema, akiangalia viatu vyake. "Rakini mgeni amesoma. Ati tumwambie hatujui kutamka? Angetucheka." Akanifungulia mlango. "Ingia kwanza ukure."

Sikuingia. Hasira nimeizoea, najua pa kuipeleka. Aibu hii sijui niiweke wapi. Walijua, wakakuacha uitwe mpiga ramli ili wao wasichekwe. Nami ni mmoja wao. Nikihutubia Kitale, naichunga kila l kama mtu anayevuka daraja bovu, na wakinisifu kwamba sisikiki kama mtu wa Bungoma, nafurahi.

Jana nilijaribu njia yako. Nilifungua habari za mwanamke yule yule, nikiwinda neno la kumtandika mhubiri. Nikasoma polepole, nikarudia. Lililonishika ni "akitetemeka". Nilitaka kulipita, likakataa. Nikakuona umesimama mbele ya viti vyao, umeshika leso, na vinywa vinavyotamka kama chako vimefungwa. Nilimwambia Mungu kwamba naona haya, nikakaa kimya. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nimesali bila kubishana.

Uwe salama, Senge. Sikuombi urudi, kwa maana si wewe uliyeharibu.

Ila ninyi wazee wa kanisa la Matulo, mnaosoma barua hii mkijifanya haiwahusu: Jumapili hii simameni mbele ya watu wote mkiri kwamba mlimwelewa. Msiseme "kulitokea kutoelewana". Semeni mlielewa mkanyamaza, na mseme ni kwa nini. Kisha nendeni Sirisia, wote, mkamwombe msamaha ana kwa ana. Akiwakatalia, msimsemeshe zaidi. Rudini mkaliambie kanisa kwamba amekataa, na kwamba ana haki.

Mimi, mtoto wa kaka yako