Nimemchinja Bihogo

Saleh, nimemchinja Bihogo. Ng'ombe wangu mmoja aliyebaki baada ya sotoka kuwamaliza wenzake, nimemchinja leo asubuhi kwa mkono wangu. Nakuandikia bado nina udongo kwenye kucha.

Nilikwambia habari za yule daktari wa Kijerumani anayechunguza ugonjwa wa ng'ombe hapa Bweranyange. Alimchagua Bihogo. Kila siku alikuja kumtoa damu sikioni. Akaniambia, "Usimguse. Nataka kuuona ugonjwa mpaka mwisho, huenda nikapata dawa ya wengine."

Nikaitikia. Wallahi niliitikia!

Leo nimemaliza kuswali alfajiri, nikamkuta amelala ubavu, anakata roho. Saleh, Bihogo afe kibudu? Nikamwelekeza kibla, nikasoma bismillahi, nikachinja.

Daktari akafika na chupa zake. "Umefanya nini, Othman? Umefanya nini?" Jirani yangu Kaganda akacheka kule uani: "Kila jioni yuko darasani na ubao wake akisoma Kurani, na neno usimguse limemshinda!"

Nyama yenyewe daktari amekataza isiliwe. Nimechinja halali, kisha nimefukia yote shimoni. Peke yangu. Hakuna aliyekuja kushika jembe.

Daktari akaniuliza, "Una mwingine?"

"Sina, bwana."

Akafunga chupa zake, akashika njia ya Kaisho.

Niombee, ndugu yangu. Kila siku kulikuwa na mtu mmoja anayepiga hodi hapa kwangu, naye alikuwa akimfuata Bihogo.